Tenki la dizeli linataka kuwekwa molasi: nimekokotoa nguvu ya kupasua pete ya chini, naombeni mnihakiki

#1 Spana17

Wakuu, habari za jioni.

Nipo kitengo cha matengenezo kwenye kiwanda fulani mkoani Morogoro, jina tuliache. Tuna tenki la zamani la dizeli ambalo limekaa tupu miaka mitatu. Kipenyo mita 18, kimo mita 12, ukuta wake ni pete sita za mabamba yaliyochomelewa, kila pete mita 2. Mchoro wa asili haupo. Kilichobaki ni kibao cha chuma pale kwenye shimo la kuingilia, nusu kimeliwa na kutu: inasomeka mita 18, mita 12, na 0.85 ya dizeli. Aina ya chuma haisomeki.

Sasa msimu wa miwa umechanganya, matenki ya molasi yamejaa, na meneja anasema tenki ni tenki, jaza. Nikamwambia nipe siku mbili. Nimezunguka na kipima unene nikiwa juu ya ngazi, na namba ndogo kabisa nilizopata ni hizi: pete ya kwanza (ya chini) 7.2 mm, ya pili 5.6 mm, ya tatu 5.7 mm, zilizobaki kati ya 5.6 na 5.8.

Hesabu yangu ya pete ya chini, molasi ya densiti 1.4 (maji yakiwa 1) ikijaa mita 12:

Presha chini = 1.4 × 9.81 × 12 = 164.8 kPa
Nguvu ya pete kwa kila mita moja ya kimo = 164.8 × 9 = 1,483 kN
Mkazo = 1,483 ÷ 7.2 = 206 MPa

Dizeli kwa njia hiyo hiyo inanipa 901 kN na mkazo wa 125 MPa.

Meneja kaiona hiyo 206, akauliza chuma cha kawaida kinaanza kunyooka bila kurudi kwenye ngapi. Nikasema 250. Akacheka, akasema basi tumebakiwa na 44 za kuchezea. Mimi usingizi sipati. Nimekosea wapi, na kama sijakosea, nijaze mpaka wapi?

#2 Mbishi Asilia

Kwani lilivyojengwa si walilijaza maji hadi juu kulipima? Kama lilishika maji likiwa limejaa, molasi litashindwaje? Mnapenda kukuza mambo nyie wasomi.

#3 Bingwa wa Nadharia

Mkuu Spana17, umekosea msingi. Maji (au molasi) yanasukuma ukuta mzima wa duara. Ukilikata tenki katikati, nusu ya ukuta ina urefu wa 3.14 × 9 = mita 28.3. Kwa hiyo nguvu ya nusu hiyo ni 164.8 × 28.3 = 4,664 kN, gawanya kwa mikato miwili unapata 2,332 kN kwa mita. Siyo 1,483. Mkazo wako halisi ni 324 MPa, lishapasuka hilo.

#4 Spana17

Bingwa, umenitia baridi. Chuoni tulikaririshwa presha mara nusu kipenyo, sikumbuki kama kuna siku tuliambiwa kwa nini. Wengine mnasemaje?

#5 Kipenyo

Spana17 yuko sahihi. Bingwa amejumlisha misukumo inayoelekea pande tofauti kana kwamba yote inaelekea upande mmoja.

Nieleze bila kutumia sain wala kosain. Chukua nusu ya tenki, kata wima, kisha pale kwenye mkato ziba kwa mlango bapa wa chuma wenye upana wa mita 18. Jaza molasi. Liweke lote juu ya magurudumu kwenye sakafu laini. Je, litaanza kutembea lenyewe kuelekea upande wowote? Haliwezi. Lingetembea, tungefunga molasi kwenye magari tukaacha kununua mafuta.

Kama halitembei, basi msukumo wa molasi kwenye mlango bapa unalingana kabisa na msukumo wa molasi kwenye ukuta wa duara kwa upande wa pili. Na mlango bapa kila mtu anajua kuukokotoa: presha × 18 × mita moja ya kimo. Ile mita 28.3 ya mzingo ipo, lakini kwenye ncha za nusu duara molasi inasukuma kushoto na kulia, na kushoto kunafuta kulia. Kinachobaki kinachoelekea mbele ni upana wa mlango.

Sasa toa mlango, rudisha nusu ya pili ya tenki. Nani anazuia nusu hizi mbili zisiachane? Ni chuma cha ukuta kwenye mikato miwili. Kwa hiyo kila mkato unabeba 164.8 × 18 ÷ 2 = 1,483 kN. Ndiyo hiyo presha mara nusu kipenyo.

Kwa wasiopenda kilonyutoni: hizo ni kama tani 151 zinavuta kila mita moja ya bamba la chini, kila upande. Bamba lenyewe lina unene unaopungua upana wa kidole kidogo.

#6 Bingwa wa Nadharia

Sawa, nimeshikika. Huo mfano wa magurudumu mkali.

#7 Kijana wa Shimanzi

Salamu kutoka Mombasa. Ukitaka kuiona hiyo nguvu kwa macho, tafuta picha za yale matenki ya mbao juu ya majengo ya New York. Yamefungwa hoo (mikanda ya duara) za chuma kuzunguka, na ukiangalia vizuri, hoo za juu zimeachana, za chini zimebanana karibu karibu. Mbao ni zile zile juu hadi chini. Fundi hakuongeza unene wa mbao, aliongeza hoo kule ambako presha ni kubwa. Kwenye tenki la chuma, badala ya kubananisha hoo, tunaongeza unene wa bamba pete za chini.

Na kuhusu molasi, kaka Spana, usilale kweli. Boston, Marekani, tarehe 15 Januari 1919, tenki la molasi lilipasuka katikati ya mchana. Kimo chake kiasi cha mita 15, kipenyo mita 27. Watu 21 walikufa, majeruhi kama 150. Wimbi la molasi liliangusha nyumba. Nilipiga hesabu yako ile ile kwa tenki lile: 1.4 × 9.81 × 15 × 13.7 inakuja 2,822 kN kwa mita, kama tani 288. Aliyesimamia ujenzi alikuwa mtu wa fedha, hata ramani ya kihandisi hakuweza kuisoma. Jaribio la maji walimwaga inchi sita tu. Likaanza kuvuja mapema, watoto wa mtaani wanakinga molasi na makopo, kampuni ikalipaka rangi ya kahawia ili michirizi isionekane.

#8 Spana17

Ni dada, si kaka 😄

Hiyo ya kupaka rangi nimeisoma mara mbili. La kwetu limepakwa rangi mpya mwaka jana.

#9 Kijana wa Shimanzi

Samahani dada. Kwangua kwenye mishono ya wima ya pete ya kwanza na ya pili utazame. Mshono wa wima ndio unaobeba hii nguvu tunayoijadili, kwa sababu nguvu inavuta kuzunguka, inataka kuufungua kama zipu. Ule wa mlalo haubebi hii, unabeba mengine.

#10 Kipenyo

Nirudi kwenye swali la meneja, lile la 44 za kuchezea.

250 ni pale chuma kinapoanza kunyooka moja kwa moja bila kurudi. Hakuna mtu mwenye akili anayesanifu kuelekea hapo. Kitabu cha API 650, ambacho matenki mengi ya mafuta duniani yanajengwa kwacho, kinachukua theluthi mbili ya hiyo au sehemu mbili kwa tano ya mkazo wa kukatika, ile iliyo ndogo. Kwa A36, aina ya chuma cha kawaida (kunyooka 250, kukatika 400), inakuja 160 MPa. Hicho ndicho cha kulinganisha na 206 yako. Tayari umepita kwa 46, hujabaki na 44.

Na 206 ni ya leo. Kutu ikila milimita moja zaidi, unene unakuwa 6.2 na mkazo unafika 239. Hapo hata meneja hatacheka.

Fomula yenyewe wengi mnaijua:

t = 4.9 × D × (H − 0.3) × G ÷ S, kisha ongeza akiba ya kutu

D ni kipenyo na H ni kimo cha kimiminika, zote kwa mita; G ni densiti; S ni mkazo unaoruhusiwa, kwa MPa; jibu, t, ni unene kwa milimita. Hiyo 4.9 isikutishe, ni 9.81 iliyogawiwa kwa 2, yaani ni presha mara nusu kipenyo ile ile. Kitu kigeni ni 0.3 tu. Bamba la sakafu limeushika ukuta pale chini kabisa, hauwezi kutanuka, kwa hiyo mkazo mkubwa haupo kwenye kona, unapanda juu kidogo. Wazee wakakubaliana wapime futi moja juu ya mshono wa chini wa kila pete.

Kwa tenki lako: 4.9 × 18 = 88.2. Zidisha kwa 1.4 unapata 123.5. Itunze hiyo, utaitumia usiku kucha. Unene ukiwa 6.2 (nimekutolea 1 mm ya kutu ijayo) na S ikiwa 160:

H = 6.2 × 160 ÷ 123.5 + 0.3 = mita 8.33

Jaza hadi mita 8.33.

#11 Spana17

Asante sana Kipenyo. Kesho namwambia meneja mita 8.3.

#12 Mzee wa Kurasini

Subiri kwanza binti yangu. Usimwambie kitu.

Kipenyo kakupa pete ya kwanza tu. Pete ya pili je? Ina 5.6, ukitoa moja inabaki 4.6. Juu yake kuna molasi ya mita 8.33 kutoa 2, yaani 6.33. Ifanye mwenyewe.

#13 Spana17

Shikamoo mzee.

123.5 × (6.33 − 0.3) ÷ 160 = 4.65 mm. Nina 4.6.

Kumbe pete ya pili ndiyo inayogoma! Nikirudi nyuma inaniruhusu mita 8.26.

#14 Mzee wa Kurasini

Marahaba. Sentimita saba tu, lakini ungeandika barua kwa namba ambayo si yako. Kila pete hukokotolewa kutoka mshono wake wa chini kwenda juu. Nimeona watu wakiongeza bamba pete ya kwanza wakasahau kwamba udhaifu umehamia ghorofani.

Halafu jambo kubwa zaidi. Kipenyo ametumia 160 kwa chuma cha A36. Nani kasema ni A36? Kibao kimeliwa. Na nani kasema mishono ilipigwa eksirei? Mshono usiojua historia yake huupi heshima sawa na bamba zima. Tenki lililokwisha kutumika huliangalii kwa 650, unaliangalia kwa ndugu yake, API 653. Kule chuma kisichojulikana unakipa 207 ya kunyooka na 379 ya kukatika, na kwa pete mbili za chini mkazo unaoruhusiwa unakuja kama 163. Lakini unauzidisha kwa uimara wa mshono, na usipoujua unaweka 0.7.

163 × 0.7 = 114. Rudia.

#15 Spana17

6.2 × 114 ÷ 123.5 + 0.3 = mita 6.02.

Pete ya pili: 123.5 × (4.02 − 0.3) ÷ 114 = 4.03 mm, nina 4.6. Inapita.

Yaani nusu ya tenki. Meneja atanifukuza.

#16 Mbishi Asilia

Nyie watu mnashusha tu. Asubuhi 12, mchana 8, jioni 6. Kesho mtasema lijazwe ndoo mbili. Swali langu la mwanzo hakuna aliyelijibu: lilijazwa maji mita 12 likashika. Ndiyo au hapana?

#17 Mzee wa Kurasini

Swali zuri ndugu yangu, na jibu ni ndiyo, tuchukulie lilijazwa.

Maji ya mita 12 chini yanasukuma sawa na molasi ya mita ngapi? 12 ÷ 1.4 = 8.57. Basi. Jaribio lile, hata tukilipa heshima zote, halijawahi kuthibitisha molasi zaidi ya mita 8.57, na hapo ni siku bamba lilikuwa jipya, pengine la 8 mm. Molasi ya mita 12 chini ni sawa na maji ya mita 16.8. Hakuna aliyewahi kulijaza tenki hili maji ya mita 16.8, maana yangemwagikia juu.

Ndiyo maana tenki la dizeli linadanganya watu. Kwa mafuta, maji ya jaribio ni mazito kuliko mzigo, kwa hiyo jaribio ni kali kuliko kazi. Kwa molasi ni kinyume, kazi ni kali kuliko jaribio.

Enzi zetu, kabla ya kompyuta mezani, tulikuwa na njia ya haraka ya kubadilisha mzigo. Dizeli mita 12 kwa 0.85 ni sawa na maji mita 10.2. Gawanya kwa 1.4 unapata 7.29. Hapo presha ya chini ni ile ile ambayo tenki limezoea miaka yote. Kwenye pete za juu mambo ni mepesi zaidi, kwa sababu uso wa molasi umeshuka: mita mbili kutoka chini dizeli ilikuwa inasukuma kama maji ya mita 8.5, molasi ya 7.29 inasukuma kama maji ya mita 7.4. Hata msingi haulalamiki, uzito ni karibu ule ule, tani elfu mbili na mia sita hivi.

Lakini njia hiyo inadai bamba liwe na afya yake. Ni ya kuanzia mazungumzo na meneja, siyo ya kutia sahihi.

#18 Kipenyo

Shikamoo mzee. Nakubali kosa la pete ya pili, nilikuwa na haraka. Na la chuma pia.

Dada Spana, kati ya 6.02 na 7.29 kuna kama mita za ujazo 320 za molasi. Hizo ndizo zinazoweza kulipia eksirei ya mishono. Mkimleta mtu akapiga picha za mishono ya wima, hasa pete mbili za chini na pale inapokutana na mshono wa mlalo, na mkaguzi akaridhika kuipa 0.85, S yako inakuwa 163 × 0.85 = 138.

6.2 × 138 ÷ 123.5 + 0.3 = mita 7.23
Pete ya pili: 123.5 × (5.23 − 0.3) ÷ 138 = 4.41 mm, unayo 4.6.

Angalia ilivyokaribiana na 7.29 ya mzee aliyoipata kwa kugawanya mara moja.

#19 Raskazone

Nimesoma uzi mzima kwa pumzi moja. Mimi niko Tanga, naomba niulize kitu kidogo nje ya mada. Hapa Chongoleani kwenye mwisho wa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima kuna matenki manne, kila moja mapipa 500,000. Je, na yale hesabu ni hii hii? Maana mtaani watu wanasema tenki kubwa vile ukuta wake lazima uwe mnene kama wa handaki, kwa sababu mafuta ni mengi.

#20 Kipenyo

Wingi wa mafuta haumo kwenye fomula. Tazama tena: kipenyo, kimo, densiti. Lita hazimo. Bomba jembamba la mita 12 lililosimama lina presha ile ile chini kama tenki la Spana17, na ukuta wake unaweza kuwa mwembamba kama kopo, kwa sababu nusu kipenyo chake ni sentimita kadhaa.

Mapipa 500,000 ni kama mita za ujazo 79,500. Vipimo halisi vya yale matenki sivitaji hapa, tucheze tu: ukichukua kimo cha mafuta mita 20, kipenyo kinakuja mita 71. Weka densiti 0.87 ya kukadiria. Nguvu ya pete ya chini ni 0.87 × 9.81 × 20 × 35.5, inakaribia 6,060 kN kwa mita. Mara nne ya tenki la molasi, wakati presha yenyewe inazidi kidogo tu, 171 dhidi ya 165. Karibu tofauti yote imeletwa na kipenyo.

Kwa chuma cha 160 unene ungekuja 37 mm, na ndiyo sababu matenki ya ukubwa huo hutumia chuma chenye nguvu zaidi. Halafu njia ya futi moja inaishia kipenyo cha mita 61. Ukizidi hapo kitabu kinakutaka utumie njia nyingine, inayotafuta kwa kila pete mahali halisi ambapo mkazo ni mkubwa, badala ya kusema ni futi moja tu kwa wote. Pete nene inaishika pete nyembamba iliyo juu yake, kama sakafu inavyoishika ya kwanza, na kwenye tenki pana huo mshiko unafika mbali.

#21 Raskazone

Nimeelewa. Kesho kijiweni nina mada.

#22 Mzee wa Kurasini

Nikumbushe mengine kabla sijasahau, binti yangu. Densiti ya molasi ipime mwenyewe, usichukue 1.4 ya mtandaoni. Molasi nzito inafika 1.45 na hapo kila namba humu inashuka. Shimo la kuingilia na matundu ya mabomba yamekatwa kwenye pete ile ile ya kwanza yenye tani zote hizo, kwa hiyo tazama kama yale mabamba ya kuongeza nguvu kuzunguka matundu yapo na hayajaliwa. Na tundu la hewa juu lisizibe. Hilo halina uhusiano na kupasuka, ila pampu ikivuta molasi na hewa haiingii, tenki linabonyea kama chupa ya maji ya plastiki. Ukuta unaobeba tani mia kwa kuvutwa haubebi hata kidogo kwa kubonyezwa.

#23 Spana17

Mrejesho, wiki ya tano.

Nilimpelekea meneja karatasi moja yenye mistari mitatu: mita 6.0 leo bila gharama, mita 7.2 tukipiga eksirei, mita 12 asaini yeye mwenyewe. Ule mstari wa tatu uliufanya mkutano uwe mfupi.

Densiti ya molasi yetu nimeipima 1.41, kwa hiyo 7.2 imeshuka nikaandika 7.15. Tulikwangua rangi. Kwenye pete ya pili, mshono mmoja wa wima upande wa magharibi ulikuwa na mchirizi wa kahawia chini ya rangi mpya, kama urefu wa kiganja. Si molasi, ni kutu ya dizeli iliyokuwa inatoka jasho miaka ile. Eksirei ikaonyesha mshono haukujaa ndani. Umefukuliwa kwa grainda hadi chuma kizima, ukachomelewa upya, ukapigwa picha tena.

Kisha tukajaza maji mita 10.2 tukakaa nayo siku mbili. Nilichagua 10.2 kwa hesabu ya mzee, maana chini ni zaidi kidogo ya molasi ya 7.15, na pete ya pili inabeba zaidi ya itakavyobeba kazini. Nilikagua mkazo wa jaribio kabla: 88.2 × 9.9 ÷ 7.2 ni 121 chini, 88.2 × 7.9 ÷ 5.6 ni 124 pete ya pili. Zote zipo chini ya 138. Usiku wa kwanza nilizunguka na tochi mara nne nikipapasa ule mshono. Mkavu.

Bomba la kufurikia tumelishusha hadi mita 7.1, kwa sababu mstari wa rangi mtu anaweza kuupuuza, ila bomba likishaanza kumwaga molasi uani kila mtu ataona.

Limejazwa jana. Sasa meneja kapenda, anauliza tenki namba mbili. Lile lina kipenyo mita 24.

#24 Kijana wa Shimanzi

Hongera sana dada! Huo mchirizi chini ya rangi mpya umenisisimua nywele.

#25 Mbishi Asilia

Mimi ile 6 ingenitosha tangu mwanzo.

#26 Mzee wa Kurasini

Hongera binti yangu. Namba mbili kwangua rangi kwanza, pima unene, pete zote siyo ya chini tu, halafu fungua uzi mpya. Huu umeshakuwa mrefu, macho yangu hayawezi kuupanda tena kutoka juu.